Kutoka Ng'ambo hadi Dandora: safari ya kutafuta ua

Jumatatu, Unguja

Boti ya asubuhi ilitushusha Malindi kabla jua halijakolea. Wenye mabegi ya magurudumu wakaingia Mji Mkongwe. Mimi nikavuka barabara ya Darajani kwenda Ng'ambo, waliko watu wengi wa mji huu. Mji Mkongwe umeandikwa vya kutosha, na tangu 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Mimi ni mpima ardhi, kazi yangu kugawa viwanja. Nimekuja kuangalia kile kipande ambacho kwenye ramani zetu hukiacha cheupe: kilicho nje ya mlango wa mtu wa kipato cha chini, ua au kibaraza au kiuwanja, ambacho si chake peke yake wala si cha serikali peke yake.

Nimeanzia Michenzani. Kwa ambaye hajafika: barabara mbili pana zinakutana kwenye mzunguko, na kandokando ya kila mkono wa msalaba huo yamelala maghorofa marefu, mengine yakikaribia mita 300 kutoka pembe hadi pembe. Mpango wa mji uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki ni wa 1968. Wajerumani wenyewe walianza Kikwajuni na Kilimani, kisha serikali ya Mzee Karume ikaishika kazi ya Michenzani. Nyumba za Ng'ambo zilizokuwa njiani zilibomolewa, na waliobomolewa wakapewa fleti bila kulipa. Karume aliuawa Aprili 1972, kasi ikapungua, na mabloku ya mwisho yalikamilika miaka mingi baadaye.

Sina nia ya kuyabeza majengo yale. Kumtoa mtu kwenye nyumba inayovuja ukampa vyumba vya zege vyenye umeme na choo cha ndani, kwa miaka ile, halikuwa jambo dogo. Lakini pita chini yake saa kumi jioni. Kati ya bloku na barabara kuna eneo la wazi kubwa, na sehemu yake kubwa haina mtu. Watu wamejikusanya miguuni mwa ngazi, kwenye vibaraza vya saruji ambavyo havimo katika mchoro wowote. Wamejijengea wenyewe: hiki kina paa la bati, kile kimechongwa bao, kingine kina bendera ya chama na picha ya rais.

Mzee mmoja alinikaribisha. Nilimpa shikamoo yake, akanisogezea kikombe cha kahawa. Mama yake alihamia pale kutoka nyumba ya chini iliyobomolewa. "Mama alipewa ufunguo," akaniambia, "hakupewa pa kukaa." Zamani jamaa wakipita njia walimkuta mlangoni; alipohamia ghorofa ya nne, wa kupita mlangoni hakuwapo. Kwa hiyo wanaume wakashuka kujenga vibaraza. Wanawake, akaongeza bila kuulizwa, walibaki juu.

Hilo la mwisho nimelipigia mstari daftarini.

Jumanne, nyuma ya mabloku

Ng'ambo ya zamani bado ipo, nusu bati nusu ghorofa. Nimeingia Mwembetanga nikatokea Kisimamajongoo, nikarudi kwa njia nyingine, na siku nzima imeishia humo.

Njia inakwenda, inajikunja, halafu inafunguka kuwa kiuwanja cha kutosha turubai moja la harusi. Pana mti, au bomba. Milango sita saba inakitazama. Kisha njia inajibana tena. Sisi tuliofundishwa kupiga mistari iliyonyooka huona vurugu tu hapo. Nikaanza kuhesabu milango kila nilipofika kiuwanjani, na sikukuta hata kiuwanja kimoja kilichozidi milango kumi na miwili. Ukikaa nusu saa unaelewa. Mtoto akianguka, kila aliyepo anajua ni wa nani. Mgeni akiingia anasalimiwa kabla hajasalimu, na salamu ile ni swali. Wanawake nao wapo, wamekaa kwenye mikeka na vibao vya mbuzi vyao, kwa kuwa hapa si barabarani na si ndani.

Sheria zake hazijabandikwa popote ila kila mtu anazo. Ukijenga, mlango wako usikabiliane na wa jirani. Unausogeza hatua mbili tatu ili pazia likipeperuka asionekane aliye ndani. Maji ya paa lako yadondoke kwako. Kibaraza ni cha mwenye nyumba, yeye hukisakafia na yeye hukipaka chokaa, lakini hamfukuzi aliyekaa. "Baraza langu, wakaaji si wangu," aliniambia mmoja akicheka. Na njia lazima ipitishe jeneza na watu wanaolibeba. Hili kila niliyemuuliza alilitaja la kwanza.

Mzee mmoja nje ya msikiti akanikumbusha hadithi ya Mtume, kwamba mkihitilafiana juu ya njia, ifanyeni dhiraa saba. Nikatoa tepu. Dhiraa saba ni mita tatu na kitu. Njia nyingi nilizopima hazifiki tena hapo, maana kila anayebomoa na kujenga upya husogea mbele kidogo, na jirani naye, na jirani wa jirani. Viuwanja, hata hivyo, havijaliwa kwa kasi hiyo. Kwenye njia unamnyang'anya mpita njia asiyejulikana. Kwenye kiuwanja unawanyang'anya watu kumi waliokaa wanakutazama ukichimba msingi.

Ardhi ya huku ina kisa chake. Kabla ya Mapinduzi wengi walimiliki nyumba tu, ardhi chini yake ikiwa ya mtu mwingine, na madai ya kodi ya ardhi yalipowazidi wakagoma kulipa. Mgomo wa 1928 ulitikisa Ng'ambo. Baada ya 1964 ardhi yote ikawa ya serikali. Mabwana wamebadilika mara kadhaa juu ya viuwanja vilevile, na zamu za kufagia zimeendelea.

Jumatano, Dar es Salaam

Kutoka bandarini nimekwenda kwa miguu hadi Mnazi Mmoja. Uwanja huu wakoloni waliuacha wazi ili utenganishe Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya Wazungu na Wahindi. Leo watu huswali Idd hapo. Nauweka humu kwa ajili ya wenzangu wa mipango miji, wanaotamka "eneo la wazi" kana kwamba kila eneo la wazi lilizaliwa kwa wema.

Kariakoo nimeipita mbio. Mistari ya mitaa ni ileile iliyopimwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, lakini nyumba za vyumba sita zimebaki za kuhesabika kati ya maghorofa ya maduka. Nimepanda daladala hadi Magomeni.

Nani hajawahi kukaa nyumba ya Kiswahili? Kibaraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, mlango wa nyuma, ua, na huko uani jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vingine amepangisha. Watu wa usanifu huiandikia makala ndefu. Kinachonivutia mimi ni jambo dogo: mlango wa mbele unakuwa wazi tangu alfajiri hadi watu walale, na bado hakuna asiyehusika anayeingia. Kutoka barabarani hadi kitandani kuna vizuizi vinne visivyo na kufuli: kibaraza, korido, ua, pazia. Kila hatua inapunguza idadi ya wanaoruhusiwa. Kibarazani yeyote. Koridoni mwenye shida na mtu wa humo. Uani wa humo tu, na shoga zao.

Uani ndipo pana kazi. Nimekaa na wapangaji wanne wakimenya viazi vya chipsi, wakanieleza zamu: nani anafagia lini, nani anaosha choo lini, LUKU ya umeme inachangwaje, kamba ipi ya kuanikia ni ya chumba kipi. Hakuna hata mmoja wao mwenye hati ya kitu chochote. Mwenye nyumba hii anakaa Mbagala na hufika siku ya kodi. Ua unaendeshwa na wapangaji, tena vizuri, kwa sababu ni wachache na wanaonana kila asubuhi.

Waliokuwa madarakani baada ya uhuru waliliona hili. Shirika la Nyumba la Taifa lilipoanzishwa 1962 na kuanza kubomoa nyumba za udongo, hapa Magomeni kwenyewe lilijenga upya nyumba yenye ramani ileile kwa matofali na bati. Hawakumwambia mtu abadilishe namna ya kuishi ili apate ukuta imara.

Upande wa pili wa mtaa ni Magomeni Kota. Kaya 644 zilitolewa kwenye kota za zamani miaka ya mwanzo ya 2010, zikasubiri, na maghorofa mapya yakafunguliwa Machi 2022. Dada mmoja aliyerejea humo amenipandisha kwake. Maji yapo, choo ni chake, lifti inafanya kazi, na ananiomba nisiandike kwamba ana huzuni kwa sababu hana. "Ila kaka, maandazi nimeacha." Alikuwa akikaanga uani, majirani wakinunua kabla hajafika barabarani. Sasa akikaanga jikoni kwake, moshi ni wake na wateja hawapo. Akishuka chini, eneo ni la wote, na jiko lake hapo ni uchafuzi.

Sidhani kama ghorofa ndilo tatizo. Kila ghorofa lile lingeweza kuwa na baraza pana la wazi kwa milango minane, penye sinki, kamba na pa kukaanga. Gharama yake ni chumba kimoja kwa kila ghorofa. Chumba hicho hakipangishwi, kwa hiyo hakichorwi.

Alhamisi, Chamazi

Mbali, na daladala imejaa hadi mlangoni. Huku walikuja baadhi ya waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari. Badala ya kila mtu kuchukua fidia yake na kutawanyika, wanachama wa Shirikisho la Maskini wa Mijini, wengi wao wanawake waliokuwa wakiweka akiba kidogokidogo, walinunua ekari 30 kwa pamoja, wakisaidiwa na CCI, asasi ya kiraia inayosaidia jamii za kipato cha chini, na wakaanzisha ushirika wa nyumba.

Nimekuja kwa ajili ya kitu kimoja, ukubwa wa viwanja. Wataalamu kama mimi walikuwa na kipimo chao cha chini, na kipimo kile kingewaacha nje nusu ya wanachama. Wakabishana hadi wakakubaliwa viwanja vidogo, nyumba zinashirikiana ukuta, mtu anaanza na chumba na kuongeza kadiri anavyopata. Matofali walifyatua wenyewe. Ukishapunguza kiwanja cha mtu mpaka hapo, cha nje kinakuwa sehemu ya nyumba. Mama mmoja aliniuliza swali ambalo hakuna mhadhiri aliyewahi kuniuliza: "Nyie mkipima, maiti mnamweka wapi?" Alimaanisha msiba. Watu mia wanaokuja kukaa siku tatu, wakae wapi, kama kila mita ina mwenyewe? Nikamwonyesha kwenye ramani palipoandikwa eneo la huduma za jamii. Akasema hapo ni mbali, msiba haupelekwi mbali, msiba unakaa mlangoni pa aliyefiwa.

Baadhi ya nyumba zimeshazungushiwa ukuta wa tofali. Wenye uwezo wameanza.

Ijumaa, Tanga

Basi hadi nyumbani. Ngamiani nako Wajerumani walipiga mistari, barabara zina namba tu, moja hadi ishirini na moja, zimenyooka mpaka mwisho wa macho. Na bado jioni kila kibaraza kina watu. Kwa hiyo lawama tunayoipa mistari iliyonyooka naiondoa. Kilichoinusuru Ngamiani ni kwamba nyuma ya mstari waliwaachia watu nyumba yao, na ua wake.

Usiku tumekaa na kikundi. Nilikuwa sijawataja: sisi ni vikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, wanachama arobaini na kidogo, wauza samaki, walimu wawili, vijana wa bodaboda, mama ntilie, mimi. Tumenunua ekari nne upande wa Pongwe na mimi ndiye niliyepewa mchoro. Ubishi umeshika pale pale palipokuwa kabla sijasafiri. Mweka hazina anasema kila mita inayoachwa wazi ni mita iliyolipiwa. Bi Mkubwa wetu anataka pa kusomea maulidi na pa msiba. Vijana wanataka pa kuegesha pikipiki. Halafu mwalimu akasema lililo kwenye mioyo ya wengi: "Tukiacha wazi, baada ya miaka mitano utamkuta mtu ana hati yake." Hakuna aliyecheka. Kila mtu hapo anajua kiwanja cha mpira alichochezea utotoni ambacho sasa kina geti.

Kesho naendelea Kenya. Nimewaambia huko kuna mji mmoja mdogo umelijibu swali la mwalimu.

Jumamosi na Jumapili, Mombasa

Horohoro tumegongewa mihuri, Lunga Lunga tumegongewa tena, Likoni tumevuka kwa feri tukiwa tumebanana, na usiku nimelala Mji wa Kale. Asubuhi nimetembea Ndia Kuu, nikanywa kahawa chungu kwa kashata, nikahamia Majengo.

Majengo ya Mombasa ina mfumo ambao Mtanzania huusikiliza mara mbili. Nyumba ni yako, umeijenga, unaweza kuiuza na kuirithisha. Ardhi si yako. Kila mwezi unamlipa mwenye ardhi. Wenyewe huita nyumba bila ardhi. Ni jambo lilelile lililowagomesha watu wa Ng'ambo 1928, ila hapa limedumu. Mwenye ardhi akifa na warithi wakaamua kuuza, mwenye nyumba anaweza kupewa notisi akiwa na matofali yake mikononi.

Lakini niliona kitu ambacho sikukitegemea. Hakuna uzio wa mipaka. Mtaa mzima, nyumba na nyumba, katikati udongo uliofagiliwa, watu wanapita popote. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akisuka makuti kwa nini hajaweka hata michongoma. "Nizungushie nini, mwanangu? Si yangu." Kesho yake akipewa hati ya kipande chake, jambo la kwanza ni ukuta, mwenyewe alikiri, akataja na rangi ya geti. Basi hapo pana mtego ambao sisi wa ardhi hatuusemi katika semina. Kumpa maskini hati ni haki, wala sitaki kusikia hoja za kumnyima. Ila tukimpa kila mmoja hati yake na tukaacha udongo wa katikati bila mwenyewe, tumeshaua kile kilichokuwa kikimlea mtoto wake.

Jumatatu, Voi

Treni inaondoka Miritini asubuhi. Nimeshuka Voi, mimi na wanajeshi wachache na mama mwenye kuku.

Nilikuja kuona mtaa wa Tanzania-Bondeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtaa huu wa watu wasio na hati ulikuwa uboreshwe chini ya mradi wa miji midogo uliosaidiwa na GTZ, shirika la misaada la Ujerumani. Wakazi walielezwa njia mbalimbali za kumiliki, wakachagua iliyokuwa ngeni kabisa Kenya: ardhi yote ibaki moja, mikononi mwa amana ya jamii, na kila mtu amiliki nyumba yake juu yake. Ukihama unauza nyumba, huuzi ardhi. Hofu yao ilikuwa ileile ya mwalimu wetu, ila wao waliigeuza upande wa pili. Waliogopa kwamba kila mtu akipata hati yake, wenye fedha wangekuja na bahasha, maskini wakauza mmojammoja, na baada ya muda mfupi wawe wanapanga mahali walipokuwa wakiishi.

Kisheria haikuwa rahisi, ilibidi waunganishe chama na amana kwa namna ambayo mawakili wenyewe walitumia muda kuielewa. Nimezunguka mtaani na fundi cherehani mmoja. Anaipenda amana kwa sababu imemweka pale, na anailalamikia kwa sababu benki haimkopeshi kwa nyumba isiyo na hati ya ardhi. Yote mawili ni kweli, na mimi sikuwa na jibu la la pili. La kwanza limenitosha kwa sasa. Si lazima mtu awe na amana ya ekari zote. Vipi kama kila mmoja ana hati ya kiwanja chake, na ua wa katikati una hati yake yenyewe, kwa majina ya milango inayouzunguka? Nimechora hilo kwenye treni ya mchana hadi kalamu ikaisha wino karibu na Emali.

Jumanne, Nairobi

Nimepita Kaloleni kwanza. Wakoloni waliijenga mara baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya familia za wafanyakazi Waafrika: nyumba za chini zimezunguka nyasi, na katikati ukumbi wa jamii ambamo siasa za uhuru zilijadiliwa kwa sauti kubwa kiasi cha watu kuubandika jina la bunge la Uingereza. Nyasi zile kwa sasa zimejaa vyumba vya mabati vya kupangisha. Nyasi zilikuwa za halmashauri, na halmashauri haikai hapo jioni.

Jumatano, Dandora

Hapa ndipo nimebaki hadi giza, na kesho narudi.

Dandora ilianza katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: viwanja 6,000, kila kimoja na choo, bafu na bomba lake, mwenye kiwanja ajenge vyumba polepole kwa ramani alizopewa. Viwanja vilipangwa kuzunguka nyua, ambazo vijana wa hapa wanaziita koti. Ile ilikuwa hesabu ya nyumba ya chini, familia moja na wapangaji wachache. Leo ploti nyingi ni ghorofa nne, tano, sita, chumba kwa chumba. Koti iliyotarajiwa kuwa na kaya chache ina mamia ya watu, na kwa miaka mingi koti zilikuwa jalala, maji machafu na giza la kuporana. Nyuma ya yote hayo lipo dampo kubwa la jiji, na upepo ukigeuka unajua.

Kisha katika miaka ya 2010 kundi la vijana, Mustard Seed, lilisafisha koti lao. Wakazoa taka, wakapanda miti, wakapaka rangi kuta, wakaweka geti, wakawaomba wakazi ada kidogo ya kila mwezi ili vijana walewale walinde na kufagia. Mfano ukaenea. Dandora Transformation League ikaanzisha mashindano, makundi ya vijana yakashindana koti kwa koti nani amebadilisha lake zaidi.

Nimekaa kwenye mojawapo ya koti hizo. Benchi za matairi na saruji, bembea moja, mistari ya kamba za nguo juu, sukuma wiki kwenye magunia. Watoto wengi kuliko nilivyowaona popote safarini, wanapiga kelele ambayo ghorofa sita inazidisha mara mbili. Akina mama wameweka viti nje kwa mara ya kwanza tangu wahamie, mmoja ananiambia, na anauza chapati hapohapo; yule dada wa Magomeni angefurahi kumwona. Ada inalipwa na wapangaji. Wenye ploti wachache huchangia, wengi wao hawakai hapa, ingawa ploti yenye koti safi haikai bila mpangaji. Nilimwuliza kijana wa geti kama wenye ploti wamepandisha kodi. Akanitazama kama niliyeuliza kama kuna jua. "Imeongezeka, bro. Si unaona penyewe kumekuwa poa?"

Hilo ndilo limenikalia vibaya usiku huu. Mpangaji anafagia, mpangaji analipa ada, na mwisho wa mwaka anatozwa zaidi kwa usafi wa mikono yake. Ng'ambo na uani Magomeni kufagia hakukumpa mtu gharama. Koti limerudisha milango kwa watu, lakini hesabu ya nani ananufaika haijakaa sawa, na hesabu hiyo haitengenezwi kwa rangi ya ukutani.

Na geti lenyewe? Usiku linafungwa saa nne. Wakazi wanalipenda, na mimi sikai Dandora hata niwahubirie. Mchana liko wazi na watoto wa koti jirani lisilo na bembea huja kubembea, wakifukuzwa mara moja moja. Nimelichora geti kwenye daftari, na pembeni nimechora korido ya nyumba ya Kiswahili, ambayo haina geti. Tofauti ni idadi. Koridoni kuna kaya sita. Humu siwezi hata kuhesabu.

Alhamisi, Dandora tena, kisha kituo cha mabasi

Asubuhi nimemaliza mchoro kwenye kibanda cha chai na nimeupiga picha kuutuma kwenye kundi letu la WhatsApp. Viwanja vimekuwa vidogo kuliko mlivyozoea, nimewaandikia. Nyumba kumi kwa kila ua, hazizidi kumi. Kibaraza cha kila nyumba kiko ndani ya kiwanja chako lakini hakuna ruhusa ya kukizungushia ukuta, hilo liingie kwenye katiba ya kikundi. Milango isikabiliane. Njia ya kuingia uani ipitishe jeneza, nimeweka dhiraa saba. Ua mmoja uwe na hati yake, majina kumi, na mwenye nyumba asiyekaa hapo asiwe na kura ya ua. Kura ni ya anayelala humo, awe mwenye nyumba au mpangaji. Hili la mwisho sijui Msajili wa Hati atalipokeaje lakini tutaliandika.

Mweka hazina alijibu kabla chai haijapoa: viwanja vinne vinapotea, na bei yake akaiweka kwa herufi kubwa. Mwalimu akauliza kama majina kumi yanatosha kumzuia mwizi. Kijana wa bodaboda akauliza pikipiki zinalala wapi. Bi Mkubwa, ambaye huwa haandiki, alituma sauti ya sekunde chache: kati ya hizo nyumba kumi, yeye anataka iliyo karibu na mwembe, na mwembe usikatwe.

Mwembe sikuwa nimeuweka kwenye mchoro. Basi linaondoka saa moja usiku; nina muda wa kuusogeza ua wa tatu mita nne kuelekea kusini.